Msitu Uliomea kwa Kinyongo

Barua ilipomfikia Walter Obinju, mwezi wa Mei mwaka wa 1998, aliisoma mara tatu, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, halafu akaitoa tena akaisoma mara ya nne. Ilisema kwamba tarehe tano Juni, Siku ya Mazingira Duniani, katika uwanja wa shule pale Magunga, yeye Walter angetunukiwa cheti cha Mlinzi Bora wa Mazingira kwa kulinda ekari sita za msitu kwa miaka kumi na mitano. Mkewe Susana alikuwa mlangoni akichambua mboga. Alimsikiliza akisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe utasimama pale?"

"Wameniita," Walter akasema.

"Nimesikia wamekuita. Mimi nimekuuliza kama utasimama."

Walter aliirudisha barua ndani ya Biblia na kutoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Ili mtu aelewe kwa nini mke amuulize mumewe swali la namna hiyo siku ya habari njema, lazima arudi nyuma mpaka mwaka wa 1983, na lazima aanze na baiskeli.

Wakati ule Walter alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Alinunua madume kule Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, akayaswaga mpaka soko la Magunga, na faida ilipopatikana akajinunulia baiskeli nyeusi, mpya kabisa. Aliipenda kupita kiasi. Karatasi za nailoni zilizokuja zimeviringishwa kwenye fremu hakuzitoa. Aliendesha nazo miezi na miezi, zikimpigapiga magotini, na mtu akimwambia azitoe alimwona ana wivu. Hakuwa mtu mbaya wa kukimbiwa na watoto. Sokoni alikuwa mcheshi, kanisani alitoa sadaka, wazee aliwasalimia kwa mikono miwili. Kasoro yake ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa kubwa: akikosea, alimkasirikia aliyemwona akikosea.

Ndugu yake mdogo, Aloyce, aliishi naye katika boma moja, boma la marehemu baba yao, chini ya vilima vya Gwassi. Nyumba ya Aloyce ilikuwa upande wa juu, na shamba lake lilianzia nyuma ya nyumba hiyo likapanda mlima. Asubuhi moja ya Februari tumbo lilimshika Aloyce, akawa anatapika na kugaragara. Mkewe Pamela, ambaye boma zima lilimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, alikuja mbio kwa Walter kuomba baiskeli ili mgonjwa afikishwe hospitali ya misheni. Walter alikwenda akamtazama ndugu yake pale mlangoni. Aliona matapishi. Akaziwaza nailoni zake, akakiwaza na kile kiti cha nyuma ambacho hakuna mtu alikuwa amewahi kukikalia.

"Ngojeni niilete," akasema. Akaenda nyuma ya ghala, akakaa huko kitambo, akarudi mikono mitupu. "Ina pancha."

Haikuwa na pancha. Alikuwa ameifungua valvu kwa vidole vyake mwenyewe akatoa upepo wote. Kisha akawaita vijana wambebe Aloyce kwa kitanda, na yeye mwenyewe akashika mguu mmoja wa kitanda, akijisifu moyoni kwamba anasaidia. Aloyce alikata roho njiani, kabla hawajavuka mto wa pili. Habari ya valvu Walter hakumwambia mtu, hata Susana.

Siku ya mazishi Nyar Karungu aliomboleza kama wajane wa kwao wanavyoomboleza, akizunguka boma huku akiimba. Mjane akiimba hivyo husema yaliyo moyoni mwake, na hakuna mwenye ruhusa ya kumnyamazisha. Aliimba habari za mikono ya Aloyce, na jinsi alivyocheka, na mtoto aliyemwacha mgongoni. Kisha akaimba: "Baiskeli ilirudi kutoka sokoni jana jioni inakimbia, asubuhi ina pancha. Ee Aloyce, bahati yako ni ya namna gani?" Hakutaja jina. Wala haikuhitajika, maana baiskeli katika kijiji kile ilikuwa moja. Shingo zote zikageuka, Walter akajikuta anatazama viatu vyake mbele ya watu mia tatu.

Hapo mtu mwingine angevunjika moyo akatubu. Walter alipandwa na hasira. Kwamba mwanamke amwaibishe kwenye mazishi ya ndugu yake wa tumbo moja! Aliikuza ile hasira mpaka ikawa kubwa kuliko kosa, na ikamfaa sana, kwa sababu ilimziba macho asilione kosa.

Mvua za Machi zikaja. Katika boma la Wajaluo mbegu haitupwi ardhini ovyo. Mkubwa wa boma hutangulia kupanda na mkewe, halafu wadogo hufuata, kila mmoja kwa zamu yake. Mdogo akimpita mkubwa, huo ni mwiko, na mwiko ukivunjwa huleta chira, ugonjwa wa kumkondesha mtu mpaka kaburini. Hata waliokuwa hawakosi kanisani siku ya Sabato hawakutaka kuujaribu. Kwa hiyo Nyar Karungu alilima shamba lake, akachagua mbegu, akakaa kumngojea Walter apande.

Walter hakupanda.

Majirani walipanda, mahindi yakatoka, yakafika magotini, na Walter yuko sokoni na ng'ombe zake. Wazee walikuja kumsema. Aliwakaribisha kwa chai, akawajibu kwa upole, "Wazee wangu, mimi sijakataa. Mbegu zangu hazijawa tayari." Nani angemkamata mtu kwa neno kama hilo? Mahindi ya kula alinunua kwa pesa za ng'ombe. Susana naye, mwenye shamba la kumtosha, alikwenda sokoni na gorogoro, kopo la kupimia, kununua unga kama mgeni, na wanawake wenzake wakamwangalia. Mwaka wa pili ukawa vilevile. Mwaka wa tatu Nyar Karungu alikuwa amekonda, na mtoto wake Levi alikuwa akizunguka kwenye majiko ya watu saa za chakula.

Alikuja kuaga asubuhi, mzigo kichwani, mtoto mkononi. Walter alikuwa anasokota kamba.

"Baba Damaris," akamwita kwa jina la binti yake wa kwanza, kwa heshima, kama ilivyompasa shemeji. "Mimi narudi kwetu Karungu. Siku mtakayopanda, mtaniita."

Walter aliendelea kusokota kamba. Wiki iliyofuata akapanda, na hakumwita.

Huo ndio ukweli, na kijiji kizima kiliujua, isipokuwa ile habari ya valvu. Shamba la Aloyce lilibaki lilivyo. Nyumba ikabomoka, nyasi zikaja, baada ya nyasi vichaka, baada ya vichaka miti: siala, migunga, mikuyu. Walter hakulilima wala hakulichungia ng'ombe. Hakutaka hata kulitazama, na kadiri miti ilivyozidi kukua ndivyo alivyozidi kupata nafuu, kwa kuwa ukuta uliobaki wa nyumba ya Aloyce na lile kaburi lililo kando yake havikuonekana tena. Mwaka wa 1989 wachoma makaa waliingia wakaangusha miti mitatu. Walter alipotoka nje asubuhi, kaburi lilikuwa linamtazama mlangoni kwake. Aliwafukuza wale watu kwa panga mpaka barabarani. Tangu siku hiyo kila aliyeingia na shoka alikiona cha mtema kuni. Watu wakasema Walter anapenda miti. Yeye hakukanusha.

Ndipo ikaja mvua ya Elnino, mwisho wa mwaka wa 1997. Vilima viliporomoka kila upande, udongo ukazika mashamba ya watu, visima vikajaa matope. Mlima wa nyuma ya Walter haukusogea, na chini ya ule msitu chemchemi iliendelea kutoa maji meupe, wanawake wakapanga foleni na madebe yao. Januari akafika afisa wa misitu, kijana wa Kisii aliyeitwa Mokaya, mwenye buti na daftari. Alizunguka ndani ya miti siku nzima akihesabu aina za miti na ndege, akatoka na macho yanang'aa.

"Mzee, hii msitu yako ni maajabu," akasema. "Nimezunguka hii division yote, sijaona kitu kama hii. Sasa niambie, ulianza aje?"

Hapo ndipo Walter alipoharibu. Angeweza kusema miti ilijimea tu, wala usingekuwa uongo. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemtazama kwa macho yale tangu siku ya mazishi, na ile heshima ilimwingia mwilini kama chai ya moto. "Mimi," akasema, "tangu nikiwa mtoto, miti napenda sana." Mokaya akaandika. "Na ndugu yangu alipokufa, mwaka wa themanini na tatu, nikasema hii shamba yake isiguswe. Ikuwe ukumbusho yake."

"Wah," Mokaya akasema, na kalamu ikasimama. "Pole sana, Mzee." Halafu akayaandika hayo pia.

Kwa miezi mitano Walter alivikwa kilemba cha ukoka, naye akakivaa. Chifu alimsalimia kwa mbali. Walimu walileta wanafunzi, akasimama mbele yao akieleza habari za siala na mikuyu, majina ambayo alikuwa ameyasikia kwa Mokaya juzi. Akirudi nyumbani Susana alimpakulia ugali bila neno. Barua ile ya Mei ilikuwa na jambo jingine katika ukurasa wa pili: siku ya sherehe Walter angetia sahihi mkataba, yeye kama mwenye shamba, kwamba ekari hizo sita hazitalimwa wala kukatwa mti wala kujengwa, yeye na vizazi vyake, milele. Alipousoma ukurasa huo alimkumbuka Levi. Levi sasa alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na waliopita Osiri walisema walimwona huko kwenye machimbo ya dhahabu. Shamba la baba yake ndilo lingetiwa sahihi. Walter alijua hivyo. Alijua pia kwamba ili asitie sahihi angelazimika kueleza sababu, na sababu ilikuwa ndefu na yenye aibu, na yeye alikuwa na miaka sitini.

Akapiga pasi shati lake mwenyewe, kwa maana Susana alikataa kulishika, akaenda.

Uwanja ulijaa. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama, miche kwenye makaratasi, soda za wageni. Walter alivishwa shada la maua ya bogenvilia shingoni, akaketishwa karibu na D.O., mkuu wa tarafa, na mkononi akatiwa jembe jipya lenye mpini uliopakwa vanishi, zawadi yake. Cheti kilikuwa mezani ndani ya fremu ya kioo, na kando yake mkataba, na juu ya mkataba kalamu. Susana alikaa na wanawake, safu ya tatu.

Mokaya akachukua kipaza sauti. Alisoma idadi ya miti, idadi ya ndege, habari za chemchemi. "Na sasa, ladies and gentlemen, nisome maneno ya Mzee mwenyewe, vile aliniambia." Sauti ikavuma uwanja mzima mpaka sokoni. "Tangu nikiwa mtoto, miti napenda sana. Na ndugu yangu alipokufa, mwaka wa 1983, nikasema shamba lake lisiguswe. Liwe ukumbusho wake."

Watu wakapiga makofi. Na hapa isemwe wazi, maana haipendezi Walter abebe mzigo wote peke yake: kila aliyezidi umri wa miaka thelathini katika uwanja ule alijua. Wazee waliokaribishwa chai na kudanganywa na mbegu zisizokuwa tayari walikuwepo, wamekaa safu ya mbele, wanapiga makofi. Wanawake waliomwona Nyar Karungu akiondoka na mtoto walikuwepo, wanapiga vigelegele. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo kumwambia Mokaya, kijana wa watu, kwamba anaandika upuuzi. Kijiji kilikuwa kimepata sifa, na sifa ni tamu kwa wote.

Susana peke yake hakupiga makofi. Alichukua leso yake mabegani akaipandisha kichwani, akaishusha mpaka usoni, akajifunika kabisa. Hivyo ndivyo alivyokaa siku ile ya mazishi.

Walter alimwona. Aliinuka apewe kalamu, lakini akaenda kwenye kipaza sauti badala ya mezani. D.O. akatabasamu. "Mzee, sema tu kitu kidogo, halafu uweke sahihi."

"Mimi," Walter akasema, na kipaza sauti kikalia, "mimi sikupanda hii msitu. Hii msitu ilimea kwa sababu mimi ni mtu mbaya."

Uwanja ukaangua kicheko, kisha makofi makubwa kuliko ya kwanza. "Mnaona unyenyekevu?" D.O. akawaambia watu. "Mnaona mzee?"

Jasho lilimtoka Walter chini ya maua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ng'ombe, na maneno aliyoyahitaji hayakuwemo. Akageukia Dholuo, lugha yao. "Shamba lile ni la Aloyce," akasema. "Nilimnyima mke wake mbegu. Miaka mitatu sikupanda makusudi, mpaka akaondoka na mtoto wa ndugu yangu. Mnajua. Wote mnajua. Nilifukuza wachoma makaa ili nisione kaburi."

Makofi yalikatika vipande vipande, safu ya mbele kwanza. Kwaya ikatazama chini. Mokaya, ambaye Dholuo hakuijua, aliinama kwa chifu akanong'ona, "Amesema nini?"

"Amesema asante," chifu akajibu haraka.

"Chifu, sikusema asante," Walter akasema, safari hii kwa Kiswahili, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo sokoni. "Nimesema shamba si yangu. Ni ya bibi ya ndugu yangu. Mimi nilimfukuza na njaa. Mwenye kuweka sahihi yuko Karungu."

Alivua maua akayaweka juu ya mkataba, akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu. Wengine walimpisha kwa huruma, wengine kwa chuki, na akina mama wa foleni ya maji walianza kuulizana kwa sauti kama sasa chemchemi yao itakatwa. Cheti alikiacha. Alipofika nyumbani ndipo alipogundua kwamba jembe bado analo mkononi.

Siku ya pili aliitoa baiskeli. Ilikuwa ileile, nailoni zilikwisha zamani na rangi ilibanduka, lakini ilikwenda. Alifika Karungu jua likiwa kali, akawakuta wanawake ufuoni wamezitandaza nyavu kuukuu mchangani na juu yake wameanika omena, dagaa wa ziwani. Nyar Karungu alikuwa na ufagio, anafukuza yangeyange. Alikuwa amezeeka kwa jua. Alipoinua macho hakumtazama Walter. Alitazama baiskeli.

"Bado unayo," akasema.

Walter aliilaza chini, akakaa mchangani, jambo ambalo mkubwa wa boma hafanyi mbele ya mke wa ndugu yake. Akaanza kueleza: barua, Mokaya, uwanja, mkataba. Aliposema kwamba alikuja kuomba msamaha kwa zile mbegu, wanawake wengine waliacha kazi wakasogea wasikie vizuri. Nyar Karungu alimwacha amalize.

"Zile za upande ule zinaungua," akasema, akimwonyesha kwa ufagio. "Zigeuze."

Walter akazigeuza. Alizigeuza mpaka jua likaanza kuteremka, akiinama na kuinuka, mgongo unamuuma, harufu ya samaki imemjaa nguoni, na wanawake wakicheka waziwazi. Mmoja aliuliza kama huyu ndiye yule mlinzi bora aliyetangazwa. Walipomaliza kujaza magunia, Nyar Karungu alinawa mikono ziwani.

"Nitakuja Alhamisi," akasema.

"Nije nikuchukue? Baiskeli ina kiti cha..."

"Hiyo baiskeli sitaipanda, Baba Damaris."

Alhamisi alikuja kwa njia zake. Aliwakuta bomani Walter, Susana, Mokaya na daftari lake, chifu aliyekuwa na maneno machache siku hiyo, na akina mama watano au sita wa foleni ya maji waliojileta wenyewe, madebe mikononi. Alisalimiana na Susana kwa muda mrefu, wamekumbatiana. Halafu akaomba panga, akaingia kwenye miti moja kwa moja, kama mtu anayejua sebule yake iko wapi. Wote wakamfuata.

Kaburi lilikuwa chini ya mgunga, limezibwa na miiba. Walter akasogea ili akate. Nyar Karungu akamzuia kwa mkono. Alifyeka peke yake, polepole, huku Mokaya akihangaika nyuma yake. "Mama, tafadhali, hii ni indigenous, ukikata..."

"Kijana wangu," akamjibu bila kugeuka, "nasafisha kwa mume wangu."

Mokaya akafunga daftari.

Kaburi lilipoonekana lote, aliwageukia akina mama wa maji. "Hapa mnachota?" Wakaitikia kwa woga. "Basi miti ya juu itabaki. Sina haja ya kuwakausha watoto wenu, wangu alishakauka." Akamgeukia Mokaya. "Lakini hapa palipokuwa na nyumba, mpaka kwa kaburi, ni pangu. Levi yuko Osiri, anateremka chini ya ardhi kila siku kutafuta dhahabu kwa sababu huku juu hana kwake. Atajenga hapa. Andika hivyo, nitaweka sahihi."

Mokaya alitoa ule mkataba, akaandika ekari tano na nusu, akafuta jina la Walter, akaandika la Pamela, akampa kalamu. Alitia sahihi juu ya goti lake. Walter alikuwa amesimama pembeni na lile jembe la zawadi, anaona mambo yametulia, na moyoni alianza kupumua. Alikuwa amesema mbele ya uwanja mzima. Alikuwa amegeuza omena. Pengine deni la aibu lilikuwa limefika mwisho.

Nyar Karungu alifungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa mbegu za mtama.

"Shemeji, si msimu," Susana akamwambia taratibu.

"Najua si msimu." Akamtazama Walter usoni, mara ya kwanza tangu alipomfuata Karungu. "Kabla hujatangulia, nina swali. Ile baiskeli, asubuhi ile. Ilikuwa na pancha?"

Hapakuwa na mtu aliyemlazimisha. Ushahidi haukuwepo, mpira wa gurudumu lile ulishaoza miaka mingi, na kila mtu pale alikuwa tayari kumsamehe kwa yale aliyokwisha kusema. Walter alitazama kaburi. Alisikia maji ya chemchemi chini.

"Haikuwa na pancha," akasema. "Nilitoa upepo kwa mkono wangu. Niliogopa atanichafulia."

Susana alitoa sauti ndogo, akarudi nyuma hatua moja kutoka kwa mumewe. Wale akina mama hawakujua watazame wapi. Nyar Karungu aliketi juu ya jiwe, mbegu zimo kiganjani, na machozi yakamtoka, yeye ambaye hakulia wakati akifyeka kaburi.

"Miaka kumi na mitano," akasema. "Miaka kumi na mitano nilikuwa nafikiri labda nilikuonea. Nilikuwa nasema labda ilikuwa na pancha kweli, na mimi nikakuaibisha mbele ya watu kwa uchungu wangu, ndiyo maana ukaninyima mbegu. Nilikuwa naona haya kwa wimbo ule. Kila nikiomba Mungu nilikuwa naomba msamaha kwa kukuaibisha."

Aibu aliyoibeba siku ya mazishi, na ile ya uwanjani, na ile ya ufuoni, zote zilikuwa ndogo kando ya hii, kwa sababu hizo alikuwa amezipata yeye, na hii alimbebesha mtu asiye na kosa.

Nyar Karungu akajifuta uso kwa leso. Akasimama.

"Haya," akasema. "Tangulia."

Walter alipiga jembe chini. Udongo ulikuwa mweusi na laini, udongo wa majani ya miaka kumi na mitano. Alichimba mstari mmoja mfupi kandokando ya kaburi, akapokea mbegu chache kutoka mkononi mwa shemeji yake, akazifukia, akasogea pembeni. Nyar Karungu alisubiri mpaka alipomaliza kabisa, kama ilivyo desturi. Halafu akamnyooshea mkono, akalichukua jembe, akaanza kupanda wa kwake.